Wana wa Mchungaji Lubawa

Kulikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, ila siku za mgawo wa umeme ni vigumu kuiona. Jina lake linajulikana, lakini kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa sababu watumishi wake wote wako kwenye maombi ya kupandishwa vyeo. Basi tuiite nchi, yatosha.

Katika nchi hiyo hapakuwa na mtu aliyeheshimiwa kama Mchungaji Hezroni Lubawa. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye koti moja la kahawia na nyumba moja ya matofali ya kuchoma nyuma ya kanisa lake. Hakuwahi kumwomba muumini gari, jambo ambalo wachungaji wenzake waliliona kuwa fumbo zito, wakalifanyia semina. Alipohubiri, alitamka neno lake kwa sauti ya kupasua vigae, halafu akaweka kiganja nyuma ya sikio la kushoto na kuuliza, "Mmesema amina? Sijasikia!" Watu wakasema amina. "Sijasikia!" Wakapaza. "Sijasikia!" Wakapiga yowe mpaka njiwa wakahama paa, ndipo mzee akatabasamu na kuendelea.

Kutoka kwenye kiganja kile yalichipuka makanisa mapya kama uyoga baada ya mvua. Hakuna kijana aliyeweza kuitwa mpakwa mafuta bila kushika sikio na kudai hajasikia, hata kama waumini wake walikuwa shangazi zake na mbuzi wa jirani, na wote wamesimama puani pake. Chuo cha Ungurumo, kilichotoa uaskofu kwa wiki mbili, chakula juu yako, kilikuwa na somo zima la kiganja: vidole vibanane au viachane, kiwiko kiinuke kiasi gani. Waliothubutu kushika sikio la kulia walitengwa, wakahamia ng'ambo ya mto, wakawa dhehebu.

Mmoja wa waliochipuka hivyo alikuwa Mtume Mama Velisiana, mama wa watoto wanne, mwenye stashahada ya ugavi na utunzaji wa bohari.

Velisiana hakuwa mtu wa maneno mengi wala machozi ya karibu. Alikuwa mtunza vifaa wa Bohari Kuu ya Serikali mpaka serikali ilipogundua kwamba bohari yenye mtunza vifaa mwenye stashahada huwa haipotezi vitu, na hilo liliwaumiza wengi. Alipunguzwa kazi siku ya Ijumaa. Jumapili alikwenda kwa Mchungaji Lubawa, akasubiri ibada iishe, akapiga magoti na kunong'ona, "Baba, nimeoneshwa nianzishe huduma yangu mwenyewe. Niende?"

Mzee alimtazama kwa upole, akaitikia kwa kichwa, akamwekea mkono kichwani. "Haya, nenda salama, mwanangu. Wasalimie."

Wasalimie! Velisiana alilishika neno hilo. Wasalimie akina nani, kama si mataifa? Jumatatu aliuza kuku wote, akapiga deki banda, akalipaka chokaa na kulibandika jina: Mlima wa Majibu ya Haraka. Jogoo mmoja tu ndiye aliyebaki, kwa sababu alikuwa anaitikia amina pale pale panapotakiwa, vizuri kuliko hata wazee wa kanisa.

Aliliendesha kanisa kama bohari. Wenye mapepo walipanga foleni mkono wa kulia, wenye kesi mahakamani kushoto, wagumba katikati na waume zao, asiye na mume arudi Alhamisi. Pepo lililochelewa kutoka lilikaripiwa: "Toka, wenzako wanasubiri!" Mumewe, Festo, mtu mpole, alipiga kinanda na kufunga jicho moja, lile la upande wa spika. Mambo yalikwenda. Watoto walikula, walisoma, na Velisiana alipopita sokoni watu walimwita Mtume bila kucheka, au walichekea mbali.

Ndipo ikaja Sheria ya Ubaba wa Kiroho.

Sheria ilitangazwa na Kamishna Kipondo wa Wizara ya Imani, Sauti na Maegesho ya Magari. Alikuwa mtu mnene aliyezungumza kana kwamba kila sentensi inakwenda kuwekwa jiwe la msingi.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "nchi yenye makanisa yasiyo na baba ni sawa na choo kisicho na mlango: huduma ipo, lakini staha hakuna! Serikali yenu sikivu imeamua. Kila kanisa litaje baba yake wa kiroho. Na baba huyo athibitishe mwenyewe, kwa kinywa au kwa kichwa, hadharani, kwenye Uwanja wa Taifa. Litakalothibitishwa linapata cheti; litakalokanwa, tunalifunga na spika zake tunazitaifisha. Haki itatendeka, na magari yaegeshwe upande wa kaskazini."

Makanisa yote mapya yalimtaja baba mmoja: Lubawa. Ngurumo za Mwisho walimtaja Lubawa. Ngurumo za Mwisho Halisi, waliojitenga nao, walimtaja Lubawa. Hata baa moja iliyogeuka kanisa kila Jumapili asubuhi ilimtaja Lubawa, na chini yake ikataja bia za kampuni gani zinapatikana, kwa mazoea.

Velisiana hakuwa na wasiwasi, ila alikuwa na stashahada. Mtu wa bohari hangoji siku ya ukaguzi ndipo ahesabu magunia. Akapika pilau, akalitia kwenye hotpoti, akaenda nyumbani kwa mzee kumkumbusha kwamba ndiye aliyemtuma.

Alimkuta barazani, amekaa na koti lake la kahawia, anaangalia mtende.

"Shikamoo, baba!"

"Karibu, mwanangu, karibu sana."

"Baba, ni mimi Velisiana. Yule uliyenituma. Unanikumbuka?"

Mzee akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Velisiana akashusha pumzi. Lakini jicho lake la bohari lilikuwa limeona kitu. Lile tabasamu lilikuja mapema mno, kama risiti inayotolewa kabla mzigo haujafika. Akamwinamia kidogo.

"Baba," akasema taratibu, "nyumba yako inaungua."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Haya, mwanangu. Mungu akubariki."

"Moto umeshafika sebuleni, baba."

"Amina, amina. Wasalimie."

Velisiana alikaa chini bila kukaribishwa. Mlangoni alitokea Bibi Rusia, mke wa mzee, anajifuta mikono kwa kanga.

"Usijichoshe, mwanangu. Huyo hasikii tangu mwaka ule wa nzige."

"Hasikii kabisa?"

"Radi anaisikia. Kwa miguu."

"Sasa bibi, mbona hamkusema?"

"Nani hakusema?" Bibi Rusia alicheka cheko fupi, kavu. "Niliwaambia wazee wa kanisa, wakasema ni mafunuo, nisiwe Mikali, yule mke wa Daudi aliyemdharau mumewe. Na yeye mwenyewe amewaambia miaka yote. Anasimama madhabahuni, anashika sikio, anapiga kelele sijasikia, sijasikia. Mtu aseme mara ngapi?"

Velisiana alikuwa anahesabu makanisa kichwani, na kila alilohesabu lilikuwa limesimama juu ya kichwa kilichoitikia bure. Alipofika kwenye banda la kuku, akaacha kuhesabu.

"Wewe si ulikuwa bohari?" Bibi Rusia aliuliza. "Nasikia kuna vidude vya kutia sikioni. Nitafutie kimoja. Mimi nimechoka, mwanangu. Mjukuu akizaliwa namchorea mchangani. Nikikasirika nachora pia, na mimi sijui kuchora. Hasira inatoka kama mbuzi."

"Nitakitafuta, bibi."

"Lini?"

Velisiana alimtazama mzee, aliyekuwa anautabasamia mtende. Akisikia kabla ya siku ya uwanja, atalisikia na swali. Na atakayesikia swali anaweza kutoa jibu. "Nitakileta siku ile ile ya uwanja," akasema, "baada ya shughuli."

Nyumbani, bintiye Ndeshi, msichana wa kidato cha nne mwenye ulimi ambao mama yake aliusikitikia sana na hakujua ameurithi wapi, alisikiliza habari yote huku anamenya viazi.

"Kwa hiyo mama, siku ile alikujibu kama alivyojibu nyumba inaungua?"

"Menya viazi."

"Namenya. Nauliza tu. Yale mataifa aliyosema uwasalimie..."

"Ndeshi!"

"...yalikuwa ni baba na sisi?"

"Mimi nina watoto wa kulisha," Velisiana alisema. "Wito ukitoka kwa kiziwi au kwa bubu, unga bei ni ile ile. Kwanza cheti, kisha sikio. Mzee ameishi bila kusikia miaka yote hiyo, hatakufa kwa siku chache."

Ulikuwa mpango safi. Ungeweza kuufundisha chuoni.

Vifaa vya kusikia vilikuwepo, tena vingi. Vililetwa Bohari Kuu na wafadhili, na mtunza vifaa mpya, mpwa wa mtu fulani, aliviorodhesha chini ya Hereni na Mapambo. Kukipata kulikuwa na utaratibu. Kiziwi alitakiwa kufika mwenyewe, kukaa kwenye benchi la mwisho na kusubiri karani amwite jina, mara moja, kwa sauti ya staha, kutoka nyuma ya kioo. Asiyeitika alihesabiwa kuwa hana shida. Hakuna aliyewahi kuitika. Ndiyo sababu takwimu za serikali zilionesha kwamba nchi haina viziwi, na Waziri alipewa tuzo.

Velisiana alikaa benchi lile, akaitwa jina, akaitika. Karani alishtuka mpaka kalamu ikamtoka.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa kama unasikia, kifaa cha nini?"

"Na nisingesikia ungenipa?"

"Usingesikia usingeitika, mama. Utaratibu ndio huo."

"Kijana," Velisiana alisema, "hilo kabati nililipanga mimi. Rafu ya tatu, kulia, nyuma ya shanga. Nikupe dakika moja, au niingie mwenyewe nikakuoneshe na vingine vilivyopotea?"

Kifaa kilitoka na betri zake, na shanga juu.

Siku ya uwanja ilifika. Makanisa yalipangwa kwa ukubwa wa sauti, yenye kelele zaidi mbele. Kamati ya Upimaji ilipitia kila kanisa na kupima kwa kuangalia mbuzi wa mtaa wamekimbilia wapi. Kwa bahati mbaya, siku ya kupimwa Mlima wa Majibu ya Haraka, spika kubwa iliungua, na mbuzi wa mtaa walikuja kulala mlangoni. Velisiana akawekwa wa mwisho.

Mzee Lubawa aliketishwa kwenye kiti kilichofanana na keki. Pembeni yake alisimama Kamishna Kipondo na muhuri mkubwa wa mbao uliohitaji mikono miwili. Bibi Rusia alipewa kiti cha plastiki nyuma ya mwavuli.

Mmoja baada ya mwingine walipita. Walipiga magoti, wakauliza, "Baba, ulinituma?" Mzee akaitikia kwa kichwa, akawawekea mkono, akawaambia waende salama. Muhuri ukashuka, puu! Uwanja ukalipuka amina. Jenereta ziliunguruma, spika zilikoroma, malori ya vinanda yalipiga yote kwa pamoja, kila moja wimbo wake. Mzee peke yake ndiye aliyekuwa na amani.

Velisiana alisimama juani na mkoba wake kwapani. Ndani ya mkoba kifaa kilikuwa kimefungwa kwenye leso. Mara kwa mara alikigusa, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Alimwona mzee akimthibitisha mtu aliyekuwa jela kwa kuuza maji ya bomba kama machozi ya malaika. Alimwona akimthibitisha yule wa baa. Alijiambia kwamba hayo hayamhusu. Yeye kanisa lake lina choo.

Hatimaye alibaki yeye. Akavuta hatua. Lakini akapigwa kikumbo na mtu aliyekuwa wa kwanza asubuhi na ambaye alikuwa na cheti tayari, Askofu Mkuu Profesa Mtume Rodriki Kangomba wa Ngurumo za Mwisho. Suti yake ilimeta hata upande wa kivulini.

"Samahani, Mama Mtume. Nina ombi dogo la nyongeza." Akapiga magoti kwa uangalifu, kwenye zulia alilokuja nalo. Akashika maiki. "Baba yangu! Wewe sasa umechoka. Je, unaridhia kwamba kanisa mama, na kiwanja chake, na ile nyumba ya matofali nyuma yake, vihamie leo kwa mwanao mkubwa, yaani mimi, nawe upumzike kokote utakakoelekezwa na Bwana?"

Mzee akatabasamu. Akaitikia kwa kichwa. "Haya, nenda salama, mwanangu."

"Amiiiina!" uwanja ulisema.

"Hapana!" Bibi Rusia alisimama nyuma ya mwavuli. "Hapana jamani, hiyo ni nyumba yangu! Hajasikia huyo, hasikii!"

"Sijasikia!" umati uliitikia kwa furaha, viganja nyuma ya masikio. "Sijasikia! Sijasikia!"

Askari wa itifaki akamkalisha bibi kwa heshima. "Tulia, bibi, usikatishe upako."

Kamishna akaunyanyua muhuri kwa mikono miwili.

Hesabu ya Velisiana ilikuwa nyepesi. Muhuri ushuke, Kangomba aondoke, yeye apige magoti, kichwa kiitikie, cheti. Kisha sikio. Muda mfupi tu. Nyumba ni ya watu wengine. Na watu wengine wana Mungu wao, ambaye kwa bahati ni yule yule. Aliwaza hivyo, na wazo lilikuwa zuri, halina kasoro, ila miguu ilikuwa imeshaondoka. Miaka yote ya huduma Velisiana hakuwahi kusukumwa na Roho. Mara zote ni yeye aliyemsukuma.

"Wewe! Shikilia hapo hapo huo muhuri!"

Sauti iliyokomazwa kwa miaka ya kutoa mapepo ya foleni haikuhitaji maiki. Kamishna aliganda, muhuri hewani. Velisiana alimruka Kangomba, akalikanyaga zulia lake, akafungua leso, akamwinamia mzee. Akamtia kifaa sikioni, lile la kushoto, akazungusha kitufe. "Samahani, baba," akasema.

Mzee Lubawa aliruka kwenye keki yake. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akatazama spika, malori, jenereta na bahari ya midomo iliyofunguka.

"Mungu wangu," akasema. "Nani amefariki?"

"Ni sisi, baba!" Kangomba alisema, bado magotini. "Wanao! Tunakushangilia!"

"Mnanishangilia hivi? Nimewakosea nini?"

"Hezroni!" Bibi Rusia alikuwa ameshamponyoka askari. "Hezroni, huyu mtu anachukua nyumba, na wewe unamwambia aende salama!"

Mzee aligeuka polepole. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kana kwamba sauti imetangulia na mwenyewe yuko njiani.

"Rusia," akasema. "Sauti yako imezeeka."

"Na wewe masikio yako yamerudi safari na maneno ya kunizeesha? Kataa kwanza nyumba, mengine tutaongea nyumbani!"

"Simpi nyumba," mzee alisema kwenye maiki, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. Uwanja mzima ukalazimika kunyamaza ili iufikie, na kunyamaza huko kulikuwa kugeni kiasi kwamba watoto wachanga walianza kulia. "Huyu simjui. Na hawa wengine ni akina nani?"

"Ni makanisa yako, baba," Kamishna alisema, jasho linamtoka. "Umeyathibitisha kutwa nzima. Hawa ndio uliowatuma."

"Mimi sijamtuma mtu, bwana mkubwa. Watu walikuja, wakapiga magoti, wakachezesha midomo. Mtu amekupigia magoti, utamfukuza? Nikawawekea mkono, nikawaaga." Akawatazama wanawe, safu kwa safu, suti kwa suti. "Nilikuwa nawaaga tu."

Kamishna Kipondo aliita wanasheria wa Wizara. Walijikusanya chini ya mwavuli, wakanong'ona, wakarudi na uso mmoja. Kamishna akakohoa.

"Ndugu wananchi! Serikali haiwezi kurudi nyuma, kwa sababu ilipoagizwa haikuja na gia hiyo. Muhuri ulioshuka umeshuka. Makanisa yote yaliyothibitishwa yamethibitishwa. Ombi la Mheshimiwa Askofu Mkuu kuhusu nyumba, kwa kuwa muhuri ulikuwa hewani, limekwama hewani. Sasa, utaratibu uendelee. Amebaki nani?"

Velisiana alitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Nimebaki mimi," akasema.

"Muulize."

Angeweza kwenda zake. Alilifikiria hilo. Lakini mtu aliyepanga foleni za wenzake miaka yote hawezi kutoroka foleni siku yake. Akapiga magoti kwenye zulia la Kangomba, maana lilikuwa pale.

"Baba. Mimi ni Velisiana. Nina kanisa kwenye banda la kuku. Je, ulinituma?"

Mzee alimwinamia. Safari hii tabasamu halikuja mapema. Alimsikiliza mpaka mwisho, na hata mwisho ulipopita aliendelea kusikiliza kidogo, kama mtu aliye na kiu akinywa mpaka matone ya kwenye kata.

"Sauti yako ndiyo ya kwanza niliyoisikia leo," akasema. "Uliniambia samahani. Ningependa sana kukwambia ndiyo, mwanangu. Lakini nikidanganya leo, masikio haya nitakuwa nimepewa ya nini? Sikukutuma."

"Nimesikia, baba."

Muhuri ukashuka, ule mwingine, mwekundu. Puu! Hivyo ndivyo kanisa pekee katika nchi nzima lililojibiwa na mzee anayesikia lilivyokuwa kanisa pekee lililofungwa. Umati ulisema amina.

Mtu asidhani nchi haikujifunza kitu. Haikupita miezi mingi hata wahubiri wote wapya wakawa na kidude sikioni, la kushoto. Waliokosa cha Bohari walitia kifuniko cha kalamu, au punje ya mahindi. Betri hawakutia; betri, walisema, ni kutegemea mwili. Chuo cha Ungurumo kikafungua shahada ya Sikio Lililofunguliwa, wiki tatu sasa, maana elimu imepanda. Ng'ambo ya mto walikitia sikio la kulia. Kelele zilibaki zile zile. Mzee Lubawa naye, akihubiri kwa sauti ya kuomba chumvi, alipungukiwa na waumini kila Jumapili. Walisema upako umemtoka, tangu yule mwanamke amtie kitu.

Jumapili ya kwanza baada ya uwanja, asubuhi, yule mwanamke alikuwa bandani mwake, kwa mazoea, ameketi kwenye benchi na hana la kufanya. Spika zilikuwa zimetaifishwa. Festo alikuwa amelala, macho yote mawili yamefumbwa. Kuanzia kesho yake Velisiana angeanza kutafuta kazi, na Ndeshi alikuwa ameshamwandikia barua ya maombi isiyokuwa na neno Mtume.

Mzee na Bibi Rusia waliingia, wametoka kwenye ibada yao ya alfajiri, wameshikana mikono.

"Hapa ndipo?" mzee aliuliza. "Pametulia."

"Pamefungwa, baba."

"Vizuri. Huko kote kunaniuma sikio." Akaketi. "Nimekuja kuuliza kitu. Hawa watu wako walikuwa wanakuja kuomba nini?"

Velisiana akafungua mdomo kusema mataifa na majibu ya haraka, akaufunga. "Wengi miguu," akasema. "Miguu, waume na ada za shule. Na jirani yangu hapa nyuma, Mama Anzuruni, ukuta wake umeshikana na huu. Alikuja mara moja, mwanzoni."

"Alikuwa na shida gani?"

Velisiana alifikiri. Alikumbuka foleni aliyomweka, ya katikati. Alikumbuka alivyomwekea mkono na alivyopiga kelele mpaka yule mama akarudi nyuma hatua kadhaa, na benchi zima likashangilia kwamba amefunguliwa. Shida yenyewe hakuikumbuka. Hakukumbuka kama aliiuliza.

"Sijui, baba."

"Hm," mzee alisema.

Velisiana alinyanyuka, akajifunga kanga vizuri. Angeweza kuita kutoka pale pale, lakini aliionea haya sauti yake. Akazunguka ua, akagonga mlango. Akagonga tena. Akagonga kwa ngumi. Mama Anzuruni akafungua, kikombe mkononi, na kwenye kila sikio bonge la pamba lililobadilika rangi kwa miaka.

"Leo hampigi?" aliuliza kwa sauti ya juu, ya mtu aliyezoea.

"Leo hatupigi. Nimekuja kukusikiliza, jirani."

"Eti?"

"Nimekuja kukusikiliza!"

Mama Anzuruni alimkagua kuanzia kanga mpaka kandambili. Akaweka kikombe chini, akachomoa pamba ya sikio la kulia, akaifumbata mkononi.

"Sema sasa," akasema. "La pili libaki kwanza, Mtume. Nakujua wewe."